Uzio wa Mbuzi Wasioonekana

Jumatatu, 3 Machi

Mama amefika! Yeye, begi lake moja, na kile kiti chake cha kukunja ambacho ole wako ukikikalia. Kaka ndiye aliyemleta. Chai ameinywa amesimama, huku anazungusha funguo za gari kidoleni.

Halafu akanivuta jikoni. Anasema kule kwake Mama ametoka mara kadhaa bila kuaga. Juzi kakutwa barabara kuu anasimamisha malori, anataka apelekwe nyumbani kwake — ile nyumba tuliyoiuza. Kaka anasema amechoka, wifi amechoka, hata mbwa amechoka. Akitoka na hapa kwangu, basi, anampeleka kituo cha wazee. Ameshaongea nao, kitanda kipo. Kaniambia kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nikasema hatoki. Kaka akachungulia dirishani. Michongoma imekufa nusu, geti halipo, nyasi zimefika magotini. Akacheka. Kile kicheko nimekiweka moyoni.

Mama yuko chumba cha nyuma. Nimetaka kumtolea nguo kwenye begi, kakataa. Ati hakai sana. Haya. Ila namsikia anakohoa kule, na roho yangu kwatu. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza mno.

Alhamisi, 6 Machi

Natafuta fundi wa bustani na uzio. Nilidhani ni kazi ya simu moja. Thubutu!

Wa kwanza kaja na tai, gari limeandikwa jina la kampuni ubavuni. Kapima kwa kifaa chenye taa nyekundu, kapiga picha kila kitu mpaka kamba yangu ya kuanikia nguo. Milioni tatu na laki mbili! Nikamuuliza kama hiyo ni pamoja na nyumba. Hakucheka. Tena kuja kuangalia tu kuna ada yake, na nimelipa! Mimi, ninayewafokea wanafunzi wangu wa udereva kutwa nzima, angalia kabla hujaingia.

Wa pili hakuja kabisa. Kanitajia laki nne kwa simu, uwanja hajauona hata kwa picha, na anazitaka zote kabla hajaanza. Nikamwambia asante baba, nikakata.

Katibu wetu pale shule ya udereva alijenga uzio mwaka jana, basi leo amekuwa profesa. Anasema kinachokula hela ni uzio, maua ni senti tu. Waya, nguzo na saruji kila mtu ananunua bei moja, watakupiga kwenye ufundi. Kwa hiyo vifaa ninunue mwenyewe, na fundi nimlipe kwa kazi, nisimlipe kwa siku, maana wa kulipwa kwa siku kazi yake haiishi. Yeye wa kwake alikaa mpaka akawa anaulizwa chakula cha jioni anapenda nini.

Jumamosi, 8 Machi

Wa tatu kaja kwa baiskeli, kofia pana kama ungo. Mtaani wanamwita Madoido. Jina nimelielewa kabla hajamaliza maji niliyompa. Anataka kuniwekea chemchemi! Na njia ya mawe yenye kona. Na tuta la maua lenye umbo la nyota. Nikamwambia fundi, nataka uzio, geti na nyasi za kukanyaga. Akashika kifua. Ati bustani bila madoido ni kiwanja cha mpira.

Lakini hesabu anazijua. Waya, nguzo za chuma, saruji na kokoto, laki sita na nusu, kununua nanunua mimi. Geti dogo la kuchomelea, laki moja na nusu. Ukoka na mbolea, elfu tisini. Ufundi alitaka laki tatu na nusu. Tukavutana mpaka chai ikapoa, tukaishia kwenye laki tatu — nusu akianza, nusu nikiridhika. Hilo neno "nikiridhika" lilimkaa kooni, nikaona.

Jumla kama milioni moja na laki mbili hivi. Ndiyo ile akiba yangu ya gari. Mwalimu wa udereva ataendelea kwenda kazini kwa miguu! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Sijutii hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Madoido kaanza kung'oa michongoma. Mama katoka na kiti chake, kakaa katikati ya vumbi, kauliza uzio ni wa nini.

Nimebabaika. Ningesemaje? Nikasema mbuzi. Mbuzi wa jirani wanaingia, wanakula kila kitu. Imenitoka tu! Jirani yangu ni mshona nguo, hana hata kuku.

Mama akaitikia kwa kichwa. Mbuzi anawajua, anasema, ni waharibifu. Akatazama huku na huku. Mbona siwaoni? Nikasema wanakuja mchana nikiwa kazini. Madoido akainama akajitia kutafuta koleo. Koleo alikuwa amelishika.

Alhamisi, 13 Machi

Nguzo zimesimama. Madoido na Mama sasa ni marafiki wa kufa na kuzikana. Anamwita Mama Mkubwa. Mama anamwita We Mwenye Kofia. Nikitoka kazini nawakuta wanapiga soga, saruji inakauka kwenye karai. Leo Mama alikuwa anamfundisha kukoroga! Ati maji mengi, utakunywa? Miaka yote aliyolima na kujenga mabanda, leo kapata mwanafunzi.

Nilitaka kuwa mkali kwa Madoido kuhusu muda. Nikaghairi. Nimemlipa kwa kazi, acha apige soga. Mlinzi wa Mama wa bure yuko wapi tena?

Akili yake inakwenda na kurudi. Asubuhi kaniita kwa jina la dada yake. Jioni kanikumbusha kuwa nilipokuwa mdogo nilikula udongo nikasingizia paka.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzuri! Waya umefungwa pande zote, umenyooka, ukiupiga kofi unalia. Madoido kapanda ukoka mbele yote ya nyumba, mche mmoja mmoja, mistari imenyooka. Mgongo umemuuma mpaka akalala chali chini, kofia usoni. Nimemwagilia mwenyewe. Nimebaki nimesimama na mpira wa maji mkononi, natabasamu hovyo.

Njia ya mawe ipo. Ina kona moja. Alinizidi ujanja nikiwa kazini.

Jumapili, 16 Machi

Lahaula!

Nimeamka, nasikia kwa mbele sauti ya kung'oa. Natoka — Mama amepiga magoti, sketi kaifunga kiunoni, ukoka wote uko kwenye rundo. WOTE. Na amefagia! Uwanja mweupe pee, alama za ufagio zimepangika. Kaniangalia kwa furaha ambayo hata mtoto hana. Anasema huyo Mwenye Kofia ni mtu mzuri lakini mvivu, kaacha magugu yamepangana mistari na hayaoni.

Elfu tisini.

Kwake ndivyo ilivyokuwa, nakumbuka. Mbele ya mlango hata jani moja halikai. Tulifagia kabla ya shule, na ukiruka kona ulirudishwa. Mtu mwenye nyasi mlangoni alionekana anaumwa au amehama. Na mimi nimelipa hela zipandwe!

Nimekaa chini pale pale kwenye udongo, nikacheka mpaka machozi. Mama naye kacheka, hajui tunacheka nini. Nimemwambia ahsante, Mama, umenisaidia sana.

Jumanne, 18 Machi

Madoido kuliona lile rundo kavua kofia kabisa. Niliona kipara chake kwa mara ya kwanza. Nikadhani atadai hela upya. Alichosema ni kwamba maishani mwake hajawahi kuona mtu anang'oa ukoka mpaka mizizi, mafundi wenzake wote wanashindwa.

Tumekubaliana hivi: mbele paachwe peupe pa kufagiwa na Mama. Ukoka uliopona uende nyuma, Mama asikokupenda kwa sababu ya jua. Na pembeni mwa njia ya mawe tuta, la Mama peke yake. Madoido kaniongezea kwenye hesabu elfu kumi na tano za mboji. Tuta lina umbo la nyota.

Kaka kapiga simu jioni. Hakuuliza Mama kalalaje, kauliza geti. Anataka komeo liwe upande wa nje, juu, na kufuli. Nikienda kazini nifunge niondoke na ufunguo. Anasema yeye hakufanya hivyo kwake na ndilo kosa lake. Nikamwambia Mama si gari la kuegesha. Akasema haya, subiri upigiwe simu na askari wa barabarani.

Amenichefua. Kinachonichefua zaidi, pengine hajakosea.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi mchana kuchukua karatasi za mtihani. Kiti cha Mama kipo, Mama hayupo. Madoido yuko nyuma anamwagilia, anaimba. Chumbani hayupo, chooni hayupo. Nikakimbia hadi barabarani kichwa wazi, viatu vya ndani, naangalia malori. Mimi ambaye kila siku nasema dereva akitaharuki amekwisha!

Nikamsikia anacheka. Kwa jirani, mshona nguo. Kakaa karibu na cherehani, kashika kikombe, anatungiwa uzi kwenye sindano. Nilitaka kumfokea, nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote.

Jirani akanisindikiza mlangoni, akaninong'oneza. Mama alikuja akabisha hodi vizuri kabisa, akaomba aonyeshwe wale mbuzi. Jirani kashangaa, kamwambia hana mbuzi wala hajawahi. Mama akasema aa, nilijua tu. Kisha akaomba chai.

Njiani hakusema neno kuhusu mbuzi. Kanishika mkono. Alikuwa anavuka barabara anaangalia kulia, kushoto, kulia tena, vizuri kuliko nusu ya wanafunzi wangu.

Kaka sijamwambia. Lakini nimepita dukani, nimenunua kufuli.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Madoido kando, kwa sauti ya chini: komeo nje, juu. Akasema sawa mwalimu. Hakuweka mzaha wowote. Afadhali angeweka.

Mama kutwa nzima kwenye tuta lake. Katoa mbegu za maboga kwenye begi, zilifungwa kitambaani, na begi kalifunga tena. Kaniuliza maboga yakizaa atakuwepo nani wa kuyala. Nikasema wewe na mimi. Kasema tutaona.

Jioni tumekula nje, mimi chini, yeye kwenye kiti. Uwanja umefagiwa, waya unang'aa, hewa nzuri. Nimekuwa na furaha, kweli. Furaha yenye jiwe ndani yake.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji.

Geti limekuja! Buluu. Nani kasema buluu? Na juu yake kachomelewa ndege wa chuma, Madoido anasema hiyo ni zawadi, asidaiwe mtu. Limening'inia vizuri, halikwaruzi, halilii. Nimeridhika, na ile nusu yake nimempa. Limebaki komeo tu.

Mama akaleta kiti chake hadi getini, akakaa. Kalipapasa komeo likiwa bado mkononi mwa Madoido. Akamuuliza linakaa upande gani. Madoido kakohoa, kavuta kofia chini. Akasema hilo amuulize mwalimu.

Mama akanigeukia. Leo akili yake yote ipo, macho maangavu kabisa. Akasema, "Mwanangu, mbuzi hajui kufungua komeo. Hata likikaa huku ndani kwetu hatafungua. Au nakosea?"

Huku ndani kwetu. Hivyo ndivyo alivyosema.

Kufuli lilikuwa mfukoni mwangu, likaanza kuwa zito. Nikasema ngoja nitafute miwani nione vizuri, nikaingia.

Nimepita chumba cha nyuma. Sijui nilifuata nini. Begi liko chini ya kitanda, limekunjwa, tupu. Nguo zake zote zimetundikwa kwenye misumari, na viatu viko mlangoni, pua zimeelekea ndani.

Hapo nimelia. Sasa nimemaliza.

Kesho kutwa niko kazini kuanzia asubuhi. Barabara iko pale pale. Kaka atapiga simu usiku, na atauliza komeo kabla ya salamu. Haya yote nayajua.

Madoido anaita nje. Mwalimu! Nitoboe wapi? Ndani au nje? Umeme huu hauaminiki!

Namsikia Mama anamkemea. Anamwambia apunguze kelele, aniache, natafuta miwani.

Iko kichwani kwangu. Na Mama aliiona tangu pale getini.