Marahaba za Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua hakikusumbui tena kwenye baridi ya huko. Sisi tunavuta pumzi, ndilo ninaloweza kusema tangu tumzike mama. Shemeji yako anakusalimu. Kiti cha mama bado kiko dirishani na hakuna anayethubutu kukikalia.

Barua yako niliipata. Umeniomba kitu kimoja tu: kwa kuwa mama alirekodiwa sauti kazini kwetu, nikutumie japo pale anapoitikia marahaba. Unasema uliondoka mmegombana, hukumpa shikamoo, na mazishi nayo hukuyawahi. Nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena.

Kazi yangu unaijua. Tulikuwa tunaandika mkakati wa taifa wa akili mnemba, yaani namna nchi itakavyozitumia mashine hizi zinazofundishwa kusema na kuelewa, bila kumuumiza mtu. Ili mashine za zahanati ziwaelewe wazee, tulitafuta wazee wa kuzifundisha. Mama akajitokeza wa kwanza, amevaa viatu vyake vya harusini. Alitutoa jasho! Mashine ilikuwa imepangwa kuanza na shikamoo kabla ya kila sentensi ya kusomwa, naye hakusoma hata moja bila kuitikia kwanza. Fundi wa sauti, binti mpole, alimweleza kwamba mashine haihitaji kuitikiwa. Mama akamjibu kwamba huenda mashine haihitaji, lakini yeye amelelewa.

Sasa, ndani ya mkakati huo kuna kifungu nilichokipigania mimi. Kampuni moja ilitaka kuwasemesha marehemu matangazo ya sabuni. Nikasimama nikasema sauti ya mtu ni yake. Akifa bila kuacha ruhusa, ifutwe, wala wanawe wasiulizwe. Nikapigiwa makofi. Nilipomsimulia mama alicheka, akasema yeye sabuni hauzi. Ila ruhusa hakuiacha, na mimi sikumwomba. Nani anamwomba mama yake kitu kama hicho?

Mkakati ulipopitishwa, sauti yake ikawa miongoni mwa za kwanza zilizotakiwa kufutwa, na wa kuzifuta ni mimi. Mkuki kwa nguruwe, Kaka. Mwisho wake unaujua. Fundi aliniwekea flashi tupu mezani, ya kunakilia nikitaka, akasema anakwenda kunywa chai na atakawia. Alinihurumia tu. Nikabaki na mama masikioni. Nikawaza, nikimwiba wangu, nitamkataza nani kumwiba wake?

Nimezifuta, Kaka. Zote. Flashi niliirudisha tupu vilevile, na nililia hadi miwani ikawa haivaliki. Ukinichukia nitaelewa.

Lakini kabla ya kufuta nilisikiliza mpaka mwisho, na nilichosikia kimo kichwani mwangu, ambako kifungu changu hakifiki. Siku ya mwisho fundi alimuuliza kama hachoki kuiitikia mashine marahaba kutwa nzima. Mama akasema hachoki, anafanya mazoezi. Alisema mwanawe mkubwa ana hasira za baba yake lakini ipo siku atapiga simu, na siku hiyo hataki neno limkwame kooni.

Wasalimie watoto. Ukilia, lia tu. Mimi mwenyewe sijamaliza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba