Gari Si Sufuria

Shoga, uko? Moyo bado unanienda mbio.

Ni mkwe wangu, yule kinyozi, na lile gari lake la mashindano. Kanunua mfuniko mpya wa rejeta, unaohimili presha kubwa ili maji yasichemke upesi. Katoka kulikimbiza, injini inatokota, na papo hapo kashika mfuniko wa zamani aufungue!

Nikamwambia, "Subiri ipoe, baba. Hata mimi sifunui chungu kinachotokota."

Akacheka. "Mama, gari si sufuria."

Gari si sufuria! Ananiambia mimi!

Kauzungusha kidogo tu, mvuke ukalia pssss! Nikamvuta shati, maji ya moto yakaruka pale pale alipokuwa amesimama. Mkono umepona, shoga. Mkono ule ndio unaolisha wajukuu zangu!

Unajua alijificha wapi? Nyuma yangu. Dume zima!

Kakaa kwenye kigoda saa nzima, kaupakata mfuniko mpya kama mtoto mchanga.

Sasa hivi kaniita kwa adabu zote: "Mama, hebu njoo uguse. Imepoa?"

Nikamjibu, "Sijui, baba. Mimi najua sufuria tu."