Maji ya Kijani Si Maji Tu

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu, ingawa naandika nimekasirika. Hapa Fridley theluji bado ipo, kaka yako amepata leseni ya gari, na mimi na mama yako tangu juzi hatusemezani vizuri.

Uliuliza kwenye simu nani alimwaga maji yako ya kijani. Ni mama yako. Alirudi kutoka kazini, akasikia harufu, akaosha chupa zote kwa sabuni na maji ya moto. Kwake yeye nesi, kinachonuka ni ugonjwa. Nawe ukaniambia, "Sawa Bibi, ni maji tu." Usirudie maneno hayo. Vijidudu wa humo ndio chakula cha vifaranga wa samaki ulioniachia niwalee, nao wangekufa njaa mbele ya macho yangu.

Nikiwa msichana nilisugua kibuyu cha mtindi cha mama mpaka kikatakata. Kumbe ule utando wa ndani ndio uliokuwa ukigandisha maziwa. Tuliyotia baadaye yakaoza. Mama hakunipiga. Alisema, "Umeua," kisha akanituma kwa jirani ambaye yeye aliwahi kumgawia mtindi wetu, nikaombe kikombe kimoja kwa kinywa changu mwenyewe.

Basi nimemtuma mama yako mtaa wa Frogtown, kwa rafiki yako uliyemgawia chupa ya maji hayo. Alinuna, lakini alikwenda, akaomba.

Chupa aliyorudi nayo iko dirishani. Nimeibandika karatasi: "Ukimwaga, umeua." Mama yako ameisoma. Akaiongezea selotepu.

Bibi yako