Karatasi Uliyoniomba Nikusomee

Neema, mdogo wangu,

Mtoto wako yuko hai. Naanza na hilo kwa maana uliondoka bila kujua kama ataishi. Ni msichana. Mke wangu anamnywesha maziwa ya chupa. Mimi bado nabeba maboksi ghalani huku ugenini, kule Eagan, na mgongo umekwisha.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipokuja na karatasi kutoka hospitali ulikokuwa unafanya usafi, Maplewood? Nilikuwa nasonga ugali. Ulisema ni ya rafiki yako wa kazini. "Kaka, wewe una Kiingereza, nisomee." Mimi, niliyeishia darasa la tano! Ilikuwa na picha ya mama na mtoto, na katika maandishi nililitambua neno moja tu, sarenda, lile ambalo askari wa kigeni waliwaambia waasi kule kwetu watoe silaha. Nikakujibu kuwa hayo ni mambo ya polisi: mama anayepeleka mtoto anajisalimisha naye, halafu anafungwa.

Ukacheka. "Kumbe huku hata mtoto ni bunduki." Ukaikunja karatasi. Koti lako lilikuwa pana, nami sikuangalia.

Wiki tatu baadaye ulijifungia bafuni. Nilirudi kutoka kazini nikavunja mlango. Mtoto ulikuwa umemfunga kitenge, analia. Mwili wako ulikuwa umeshapoa. Damu ile, Neema... niliifuta mwenyewe, sikumruhusu mtu mwingine.

Karatasi niliikuta kwenye koti lako. Nikampelekea yule mama Mkenya wa kanisani, nesi. Akaisoma mara mbili, polepole. Akasema ni sheria ya hapa: mtoto asiyezidi siku saba, unamkabidhi mfanyakazi wa hospitali, hawakuulizi jina, hakuna polisi. Sarenda ya humo ni kumkabidhi tu. Kama unavyompa jirani mtoto amshike, ufunge kitenge vizuri. Ungeingia hospitali yoyote mchana kweupe, na wewe mwenyewe wangekutibu.

Mama yako, mama mdogo wangu, hupiga simu kutoka Uvira kila Jumapili. Anauliza kwa nini hukwenda hospitali, wakati ulifanya kazi humo humo. Mara nne nimemjibu kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakusoma ile karatasi. Niliisoma mimi.

Jumapili hii nitamwambia mama mdogo kwamba uliniuliza, nami nikaona aibu kusema sijui. Akinilaani, nitamsikiliza hadi mwisho. Nakuahidi, simu sitaikata mimi.

Mtoto hana jina bado. Nitamwomba yeye ampe, kama atakuwa bado anataka kusema nami.

Pumzika, mdogo wangu.

Kaka yako,
Bahati