Chunusi, na Mtoto Tuliyemnyamazia

Gisenyi, Alhamisi

Mama yangu, shikamoo.

Goti lako limetulia? Unafika sokoni bila kumwegemea mtu? Na kifua cha baba kinaendeleaje na vumbi la Ujiji? Sisi huku tunakula na kulala, lakini roho yangu iko juu juu. Ningepiga simu, ila simu yako unaisikiliza kwa sauti kubwa pale barazani, na jambo hili nataka ulijue kwanza peke yako. Kaa chini kabla hujaendelea.

Nina mimba, mama. Inaingia mwezi wa tatu. Hamadi, mume wangu, anajua, basi. Nilifanya kama ulivyonifunza. Ulipompoteza yule aliyenitangulia ulisema habari zake zilitangulia tumbo, na mwanamke wa kwetu hatangazi mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Nikafunga mdomo.

Nilifunga mdomo, uso ukaamua kusema. Chunusi zilinitoka kwenye paji la uso, mashavuni, mpaka kidevuni, na mafuta unayanawa sasa hivi, baada ya saa moja yamerudi. Wifi yangu Saada, dada yake Hamadi tunayeishi naye, alinicheka kama kawaida yake: "Na huu uso tunaweza kaanga sambaza bila kununua mafuta!" Ndio dagaa wa huku, hao sambaza. Nilicheka naye. Lakini mimi nakaa mapokezi ya hoteli, mama, na bosi aliniuliza mbele ya wageni kama ugonjwa wangu unaambukiza.

Hapo nikashika kila kitu. Asubuhi limau na sukari, mchana sabuni ya dawa, jioni krimu ya benzoili peroksaidi niliyopewa kazini, na juu yake mafuta yale ya nazi uliyonitumia. Ngozi ikababuka, chunusi zikabaki pale pale. Saada akanishika mkono, akanipeleka duka la dawa.

Mwenye duka alinitazama akatikisa kichwa. "Bon, madame, unaunguza ngozi yako mwenyewe. Limau, uache. Mafuta ya nazi, uache, inaziba. Iko hii ya kunawa, ya asidi ya salisiliki, mara mbili kwa siku, si zaidi. Kisha mafuta mepesi. Na hii tube ni ya usiku, kidogo tu. Lakini iko jamii ya vitamini A. Mwanamuke mwenye mimba hapakae hii. Uko na mimba?"

Saada aligeuka akanitazama. Unamjua kwa kusikia tu: habari akiipata asubuhi, adhuhuri imefika soko la Mahoko. Nikasema, "Hapana."

Niliwaza kwamba nikifika nyumbani nitaitupa. Lakini Saada ndiye aliyenichagulia, na kila jioni ananichungulia: "Umepakaa dawa yako?" Nikapaka siku ya kwanza ili aninyamazie. Kisha uso ukaanza kutulia, nikajidanganya kwamba kinachopakwa shavuni hakiwezi kufika tumboni. Nikaendelea.

Juzi tumbo lilinivuta upande mmoja, nikakumbuka ile karatasi ndani ya boksi. Ni ya Kifaransa, sikuelewa kitu, ila kuna picha ya mwanamke mwenye tumbo, amekatwa na mstari mwekundu. Nilinawa uso mpaka ukawaka moto, kama vile dawa ingerudi nje.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alinisikiliza bila kunigombeza. "Mama, ya kupakaa inaingia kidogo sana, si kama ya kumeza. Wengi walipakaa bila kujua, na watoto yao iko muzuri. We uache leo. Utatumia asidi ya azelaiki, ile haina shida. Na mwezi kesho urudi, tuangalie mtoto kwa machine."

Nikamwomba aniapie. "Mi nitaapa nini? Mi si Mungu," akasema, akanishika bega.

Kwa hiyo nangoja, na kungoja huku kunanimaliza. Nikiona mtoto wa jirani namhesabu vidole. Naogopa kwenda choo nisije nikaona damu, naogopa kila ninapochomwa kidogo tumboni. Hamadi nilimweleza; alisema Mungu mkubwa, kisha, fundi mzima, akashona nguo ya mteja upande wa ndani nje.

Saada nilimwambia jana, aliponiuliza tena kama nimepaka. Alikaa chini. "Yoo, Zuhura! Kumbe ni mi nilikuwa nakusukuma!" Akalia. Nikamsubiri akatangaze, mama. Hajatangaza. Saada huyu huyu ananyamaza, anatembea kwa vidole, ananiletea uji bila utani, kama vile ndani tuna msiba. Ukimya wake umenitisha kuliko ile karatasi.

Hapo ndipo nimekataa kunyamaza. Mpe baba salamu, umwambie. Mwambie kaka Rajabu, mwambie shangazi Mwajuma anayeuza dagaa, mwambie na mama mkunga aliyenipokea mimi. Najua unaogopa, na mimi naogopa hivyo hivyo. Lakini azaliwe salama au asizaliwe, mtoto wangu yupo leo. Sitaki awe amenyamaziwa na watu wote aliokuwa nao. Simu iweke kwa sauti kubwa, mama, nitapiga Jumapili.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura