Kitenge Ambacho Wote Husema ni Chekundu

Mjukuu wangu mpendwa,

Huku Nyamitaba tuko wazima. Mama yako anakusalimia, na ng'ombe wetu amezaa. Umeniuliza: dawa ya macho haya yetu yasiyotofautisha nyekundu na kijani ikipatikana, uikubali?

Mwaka tulipooana, nilimchumia bibi yako kikapu kizima cha tomati mbichi. Akacheka sana. “Ee Papa, unataka tukule mawe? Usiangalie, finya. Yenye kulegea njo imeiva.” Tangu siku ile nafinya, na nyumba ilikula vizuri.

Kwa hiyo usingoje dawa ndipo uishi. Lakini ikija, ikubali. Bibi yako alipotutoka aliniachia kitenge chake cha ndoa. Wote husema ni chekundu. Ningependa kukiona.

Babu yako