Kwa Onsongo, Kuhusu Udongo Unaouomba

S.L.P. 63,
Kericho.
14 Oktoba 1979

Mpendwa mdogo wangu Onsongo,

Pokea salamu kutoka hapa Roret. Natumaini baridi ya Ujerumani haijakuuma sana, na kwamba unakula ukashiba. Sisi tu wazima wa mwili. Mvua ya alasiri haijatukosa, chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma, na mgongo wangu unalijua hilo.

Barua yako ya pole imefika. Ukurasa wa kwanza ulimlilia mama, nami nikalia pamoja nawe. Kisha nikageuza. Ukurasa wa pili ulikuwa unaomba udongo! Kilo mbili, kutoka shimo lile lile la kando ya mto, na kwa haraka. Mama hajamaliza mwezi kaburini, Onsongo. Nilikasirika hadi nikaiacha barua mezani siku tatu bila kuigusa.

Usidhani hasira yangu ni ya ujinga. Nilimpelekea Mwalimu Kipsang, anayefundisha sayansi hapa, ile makala yako uliyotutumia mwezi wa tano. Alinieleza polepole: kuna kitu kinaitwa porfirini, chenye chuma katikati kama kile cha damu, nacho husaidia kemikali nyingine zibadilike upesi. Kikiachwa huru huharibika au huoshwa kikapotea, kwa hiyo unakifunga juu ya udongo ili kikae, kitumike tena na tena. Udongo wa kununua huko ulikiachilia. Wa kwetu ulikishika. Na sasa shahada yako inasubiri uonyeshe kwamba udongo huo utakishika mara ya pili.

Mwalimu akanisomea pia mwisho wa makala, mahali pa shukrani. Yupo profesa wako. Yupo hata fundi anayepuliza vioo. Mama hayupo. Mgala muue na haki yake mpe, ndugu yangu. Yeye ndiye aliyeshuka mtoni na jembe kukuchimbia ule wa kwanza, magoti yakimuuma.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonishinda ni pale ulipoandika humo kwamba udongo ulitumika mbichi, kama ulivyochimbwa. Nani alikuambia? Umesahau mama aliuza nini sokoni Roret hata ukapata viatu vya shule? Vile vidonge vyeupe vya udongo wanavyotafuna wajawazito haviuzwi vibichi. Udongo wako mama aliukoroga, akauchuja kwa kitambaa, akauweka kwenye uchaga juu ya meko, ukala moshi wiki baada ya wiki. Ni wiki ngapi, na kuni za mti gani, alijua yeye. Nilimwambia tukueleze kwa barua. Alicheka, akasema, "Wacha. Ataniuliza tu vile nilifanya. Huyo anapenda kuuliza." Basi kila barua yako ilipofika, kabla sijaisoma, alitaka kujua kama umeuliza. Miaka miwili, hukuuliza.

Inaniuma, na sitaficha. Telegramu ilikufikia akiwa bado anapumua, ukajibu kwamba jaribio liko katikati.

Baba mdogo Nyang'au anakusalimu. Mdogo wetu Marcella amejifungua msichana, naye amempa jina la mama, Bonareri. Mwanangu Phelis yuko darasa la saba na anasema atasoma kemia kama wewe. Sijamjibu.

Sasa jibu lako. Tulipoondoa vyombo vya mama jikoni baada ya mazishi, tulikuta kwenye uchaga mfuko wa unga uliojaa udongo, umefungwa kwa kamba, mweusi kwa moshi. Alikuwa amekuandalia mwingine kabla hujaomba. Barua yako ilikuwa bado njiani. Niliukoroga na maji nikausiriba juu ya kaburi lake, wote, kwa mikono yangu miwili. Hakuna mwingine, wala hakuna aliyebaki anayejua kuutengeneza. Mvua inaupiga kila alasiri, nao haujabanduka. Ukiutaka, njoo uukwangue mwenyewe.

Mungu akulinde njiani.

Mimi dada yako, anayekupenda na kukukasirikia,
Bosibori